Mfupa Nao Unahitaji Damu

Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, wilayani Bagamoyo. Baadhi ya maswali yaliyoulizwa yamechapwa mwishoni.

  

Mlikuwa mmeniomba nije nizungumze juu ya mananasi. Nimekuja bila mananasi. Watu wa huku mnalima mananasi, mnayapakia kwenye magari mpaka Dar es Salaam. Mimi nitawafundisha nini? Leo nina jambo jingine, na nawaomba mnivumilie, maana linaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi nilikuwa nafundisha jioni katika kijiji kimoja cha kando ya bahari, siyo mbali na Bagamoyo mjini. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe. Watu walikaa kwenye mikeka. Alikuwapo kijana mmoja wa miaka 22, mvuvi, mwepesi sana wa hesabu. Akaanza kuchelewa. Akija, hakai mkekani. Anauegemea mwembe, amesimama mpaka darasa linakwisha. Siku moja nikamwambia mbele ya watu, "Bwana mdogo, kama kisomo kimekuchosha si useme?" Watu wakacheka. Yeye hakujibu. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Nikaenda kwao. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, mwanangu hawezi kukaa chini. Goti linamuuma." Msikitini alikuwa anaswali juu ya kiti, kijana wa miaka 22. Goti lilikuwa limechuliwa kwa mafuta ya nyonyo na mafuta ya nazi ya moto. Duka moja la dawa lilimwuzia vidonge vya maumivu, likamwambia ni baridi yabisi. Baadaye akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale pajani. Akaambiwa amekanyaga kitu cha watu, na aliyekitega hakai mbali. Hapo ndipo jina la bibi mmoja jirani lilipoanza kutajwa. Bibi huyo alikuwa amegombana na mama wa kijana juu ya mpaka wa kiwanja. Basi ikawa yeye. Watoto wakakatazwa kupita kwake. Nyinyi mnajua mambo kama haya yakianza yanaweza kufika wapi.

Tulimpeleka kijana hospitali. Tabibu hakuanza na goti. Alimlaza, akamkunja mguu, akauzungusha taratibu pale nyongani. Kijana akapiga kelele. Kisha akamwuliza mama, "Huyu alipokuwa mdogo alikuwa akiumwa viungo? Macho yalikuwa ya manjano?" Mama akasema ndiyo, tena kuna dada yake aliyefariki akiwa na miaka minne. Wakapima damu. Wakapiga picha ya eksirei. Tabibu akatuonyesha picha: kichwa cha mfupa wa paja, ambacho kilipaswa kuwa cha mviringo, kilikuwa kimebonyea upande mmoja kama embe lililoangukia jiwe. Akasema, "Mama, hapa juu mfupa umekufa."

Mama akamtazama, akasema, "Mfupa unakufaje na mwanangu yu hai?"

Ndugu zangu, nilikaa pale sina jibu. Chuo cha ualimu nilifundishwa kuwa mtu mzima ana mifupa 206. Nilikariri, nikafaulu. Lakini mfupa unakufaje, sikujua. Nilikwenda kuuliza na kusoma mpaka nikaelewa. Kijana na mama yake wamenipa ruhusa niyaseme haya, ila majina nisitaje.

Basi tuanze na mfupa wenyewe. Wengi wetu tunadhani mfupa ni kama boriti, kitu kikavu cha kushikilia nyama. Tunadhani hivyo kwa sababu mifupa tunayoiona ni ile iliyotupwa jaani ikakauka juani. Mfupa ulio ndani ya mtu siyo mkavu. Mama zangu mnaopika supu mnajua: ukiupasua mfupa mbichi wa ng'ombe, ndani unakuta kitu laini, mahali pengine chekundu, mahali pengine cha manjano chenye mafuta. Hicho ni uloto, wengine husema uboho. Ndani ya uloto mwekundu ndimo damu inamotengenezwa. Na hata ile sehemu ngumu ya nje ina vijitundu vyembamba kama unywele, na mishipa midogo ya damu inapita humo.

Ushahidi mwingine mnao nyumbani. Mtoto akivunjika mkono, ukafungwa vizuri, baada ya wiki kadhaa mfupa unaunga. Sasa chukua ubao wa ngalawa uliopasuka. Ufunge kamba miaka kumi, utaunga? Hauungi, maana ubao umekufa. Mfupa unaunga kwa sababu uko hai.

Ndani ya mfupa kuna mafundi wa aina mbili. Wa kwanza wanabomoa mfupa uliochakaa. Wa pili wanajenga mpya mahali pale pale. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hubadilishwa kila mwaka. Fundi hawezi kufanya kazi bila kula. Chakula chake na hewa yake vinaletwa na damu. Damu ikikatika, mafundi wanakufa, na mfupa wa mahali pale unakufa. Hilo ndilo jibu la yule mama. Mtu anaweza kuwa mzima, na kipande kimoja cha mfupa wake kikawa maiti.

Lakini mbona yeye alipatwa nyongani, siyo mkononi au kidoleni?

Mfupa wa paja huko juu umepinda. Una shingo nyembamba, na juu ya shingo kuna kichwa cha mviringo, ukubwa wake kama chungwa dogo. Kichwa hicho kimeingia katika kikombe cha nyonga, kama mchi ulioingia kinuni, ila kinu hiki kimeukumbatia mchi kabisa. Ndiyo maana unaweza kuutupa mguu mbele, nyuma na pembeni. Na kazi yake ni nzito, bwana. Kila hatua unayopiga, nyonga moja inabeba uzito wa mwili wako mara mbili mpaka mara tatu. Mtu wa kilo 60 anatia pale kilo 120 mpaka 180. Hayo ni kama magunia mawili ya mpunga, kila hatua, kutoka nyumbani mpaka shambani na kurudi.

Sasa damu inakifikiaje kichwa kile? Hapo ndipo penye shida. Kichwa kimefunikwa na gegedu, ile ngozi nyeupe ngumu inayoteleza, ambayo mnaiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Gegedu halina mishipa ya damu. Kwa hiyo damu haiwezi kuingia kichwani kutoka kila upande. Inabidi ipande kupitia shingoni, kwa mishipa michache myembamba iliyolala juu ya mfupa. Kuna mshipa mwingine mdogo unaopita katikati ya kinu, lakini kwa mtu mzima huo huleta kidogo sana.

Mnaolima mpunga bonde la Ruvu mtanielewa upesi. Kuna jaruba linalopata maji kutoka pande tatu. Mfereji mmoja ukiziba, maji yanazunguka kwa jirani. Na kuna jaruba la mwisho kabisa, pembeni, lenye mfereji mmoja mwembamba. Mfereji ule ukizibwa na magugu, jaruba linakauka hata kama mto umejaa. Kichwa cha mfupa wa paja ni jaruba la mwisho.

Madaktari wanaita maradhi haya osteonekrosisi. Ni neno refu, si lazima mlikariri. Andikeni tu kwenye daftari: mfupa kufa kwa kukosa damu.

Kwa yule kijana, mfereji ulizibwa na nini? Ulizibwa na damu yake mwenyewe. Ana ugonjwa wa selimundu. Hebu someni neno hili ubaoni, polepole: seli, mundu. Seli ni chembe hai ndogo sana, haionekani kwa macho. Mundu mnaujua, ni huu wa kuvunia mpunga. Wengi tunauita ugonjwa huu sikoseli.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu ni ya mviringo, imebonyea katikati, kama kitumbua ulichokibonyeza kwa kidole juu na chini. Ni laini. Inajikunja, inapita hata kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Inaishi siku 120 hivi. Chembe ya mwenye selimundu, ikishatoa hewa iliyobeba, inakakamaa na kupinda kama mundu. Inaishi siku 10 mpaka 20 tu, ndiyo sababu wagonjwa hawa hupungukiwa damu na macho yao huwa ya manjano. Mundu hizo zikikutana kwenye mshipa mwembamba zinanasana. Damu iliyo nyuma inasimama. Pale isipofika panauma, tena maumivu makali ya kumliza mtu mzima.

Mahali pengine mwilini pakivimba, nyama inatanuka. Mfupa hautanuki. Uloto ukivimba ndani ya kichwa cha mfupa ni kama mchele uliotiwa maji ndani ya chupa, ukaifunga kizibo. Unabana kila kitu. Hata mishipa iliyokuwa bado wazi inabanwa. Kwa hiyo shida inazaa shida.

Jamani, selimundu siyo ugonjwa wa watu wa mbali. Tanzania ni moja ya nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Inakadiriwa ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Na kwa wagonjwa hawa nyonga kuharibika ni jambo la kawaida. Hesabu zilizofanywa Marekani zilionyesha kuwa karibu nusu yao huweza kupatwa nalo wakifikia umri wa miaka 35.

Kwa nini iwe kwetu? Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Aliona alama ya selimundu ni nyingi kwa watu wa pwani na kwa watu wa kando ya Ziwa Viktoria. Kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi ilikuwa chache. Akajiuliza, pwani na ziwani pana nini ambacho milimani hakipo? Pana mbu, pana malaria. Mwaka 1954 alitoa maandishi yake yaliyoonyesha kuwa mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hapatwi kirahisi na malaria kali. Maana yake ni kwamba mbegu hii ilibaki kwenye koo zetu kwa sababu iliwaokoa baadhi ya babu zetu wasife utotoni. Ilikuwapo Bagamoyo kabla ya ule ugomvi wa kiwanja. Bibi jirani hakuileta.

Nisieleweke vibaya hapa. Aliyebeba mbegu moja ndiye anayepata kinga kidogo, na yeye kwa kawaida haumwi. Aliyerithi mbegu mbili, moja ya baba na moja ya mama, huyo ndiye mgonjwa, na malaria kwake ni hatari kubwa. Chandarua asikikose hata usiku mmoja. Baba na mama wote wakiwa wamebeba, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Na hesabu inaanza upya kila mimba. Usiseme, "Mmoja ameshaugua, watatu wanaofuata watapona." Mimba haikumbuki iliyotangulia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni ukimya wa maradhi haya. Mfupa ukifa hauanguki siku ile ile. Nguzo ya nyumba ikiliwa na mchwa ndani, nje unaiona nzima, unaning'iniza hata kikapu. Mfupa uliokufa unaweza kusimama miezi, hata zaidi ya mwaka, na mtu anatembea. Picha ya eksirei mwanzoni huweza kuonyesha mfupa mzima kabisa. Mashine inayoona mapema ni ile inayotumia sumaku, inaitwa MRI, nayo iko hospitali kubwa kama Muhimbili.

Halafu mwili wenyewe unajaribu kutengeneza. Mafundi kutoka sehemu iliyo hai wanakuja. Lakini fundi wa kubomoa ni mwepesi, fundi wa kujenga ni mzito. Nguzo mbovu zinaondolewa kabla ya nguzo mpya kuletwa, na huku juu paa ni lile lile, na mwenye nyumba bado anabeba ndoo za maji. Paa linabonyea. Kichwa cha mfupa kikishabonyea hakirudi kuwa cha mviringo. Kinaanza kusaga kinu chake, na kiungo kizima kinaharibika. Hapo ndipo kijana wetu alipofikia. Miezi ile niliyomwona akiuegemea mwembe, huenda kichwa kilikuwa bado hakijabonyea. Sijui kwa hakika. Nalifikiria mara nyingi.

Kwa hiyo nawaomba mzijue dalili. Maumivu ya nyonga hayakai kiunoni nyuma, ambako wengi tukishika tunasema nyonga. Hukaa mbele, kwenye kinena, pale mguu unapokutana na tumbo. Mara nyingine hushuka pajani mpaka gotini, na nyonga yenyewe isiseme kitu. Ndivyo goti la yule kijana lilivyochuliwa bure. Mtu anashindwa kukaa kitako na kukunja miguu mkekani. Anashindwa kuchuchumaa chooni au kwenye palizi. Akivaa suruali anaanza kuangalia pa kushika. Anachechemea jioni, baadaye hata asubuhi. Ukimwona mwenye selimundu, au kijana yeyote, yuko hivi kwa wiki mbili au tatu, usimpeleke kuchuliwa. Kuchua na kuvuta mguu kwa nguvu kunaweza kumwongezea madhara. Na kama ni mtoto mwenye selimundu, anaumwa nyonga na ana homa, usingoje hata kesho. Huenda ni usaha ndani ya mfupa.

Selimundu siyo njia moja tu ya kuziba mfereji. Hapa kwetu pwani tuna minazi, na tuna wagema na wakwezi. Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, shingo ya mfupa wa paja inaweza kuvunjika, au kichwa kikachomoka kwenye kinu. Ile mishipa iliyolala shingoni inakatika au inanyongwa. Kichwa kilichochomoka kinatakiwa kirudishwe na daktari ndani ya saa 6, ili damu ipate kupita tena. Saa 6 ndugu zangu! Sisi huwa tunamlaza mtu ndani siku tatu tukimngoja fundi wa kuunga mifupa atoke kijiji cha pili. Wapo mafundi hodari wa mkono na mguu, siwadharau. Nyonga siyo kazi yao. Mgonjwa alazwe juu ya ubao au mlango, mguu usivutwe, apelekwe hospitali siku ile ile.

Wazamiaji nao wasikilize. Anayezama kwa pumzi yake mwenyewe, akaibuka, simsemi. Nasema juu ya anayepumua hewa ya chupa au ya mashine akiwa chini sana, akakaa muda mrefu, kisha akapanda haraka. Ndani ya damu yake hutokea mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huziba mishipa. Anaweza kuumwa siku ile ile, na anaweza pia kuja kuumwa nyonga au bega miaka baadaye, wakati bahari ameshaiacha. Kupanda ni polepole, kwa vituo, kama alivyofundishwa. Ambaye hakufundishwa asikubali kushushwa, hata akiahidiwa fedha za namna gani.

Pombe nyingi ya miaka mingi nayo imo. Na vidonge. Zipo dawa kama predinisoloni na deksamethasoni ambazo daktari huzitoa kwa sababu maalumu, na zinaokoa maisha. Kuna watu wanazinunua bila cheti ili wanenepe mashavu na makalio. Dada zangu, mashavu yatajaa, na huku kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kimya kimya. Lakini aliyepewa na daktari asiziache ghafla kwa sababu ya maneno yangu. Kuacha ghafla kuna hatari yake. Arudi kwa daktari.

Mnaniuliza kwa macho, dawa je? Mfupa uliokwisha kufa haufufuliwi kwa kidonge. Ukigunduliwa mapema, mguu hupunguziwa mzigo kwa magongo, mgonjwa hufundishwa mazoezi, na wengine hutobolewa mfupa ili ule mbano wa ndani upungue. Ukishabonyea sana, kinachobaki ni kiungo cha bandia. Kazi hiyo ya kuweka nyonga ya bandia iliendelezwa na daktari John Charnley huko Uingereza mwaka 1962, na kwetu inafanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa mwaka 1996. Lakini nyonga ya bandia huchakaa. Ukimwekea kijana wa miaka 22, huenda ikabidi ibadilishwe akiwa bado na nguvu zake. Ndiyo maana madaktari hawaikimbilii.

Selimundu yenyewe ina matunzo. Muhimbili walianzisha mpango wa kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu mwaka 2004, na kutoka hapo mengi yamejulikana. Ipo dawa inaitwa haidroksiyurea. Hupunguza vipindi vya maumivu, lakini mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia uloto watoto wachache wenye selimundu. Hiyo bado ni ya wachache. Kwa kila siku ni kunywa maji mengi, hasa mvuvi na mtu wa mashamba ya chumvi anayeshinda juani. Ni kujikinga na baridi ya alfajiri, kulala ndani ya chandarua, na kutokosa kliniki.

Jambo moja dogo kabla sijakaa. Gongo linashikwa mkono gani? Nyosheni mikono. Mnaona, karibu wote mmesema upande unaouma. Siyo. Nyonga ya kulia ikiuma, gongo lishikwe mkono wa kushoto, litangulie pamoja na mguu wa kulia. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga huvuta kwa nguvu ili usianguke upande wa pili, na kuvuta huko ndiko kunakoibana nyonga. Gongo la upande wa pili linaisaidia misuli kazi hiyo. Jaribuni kwa mpini wa jembe mkifika nyumbani, mtausikia uzito ukipungua.

Mwaka 1973 wazee wetu hapa walikaa vikundi vikundi kando ya redio, wakasoma kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mimi sikuwa nimezaliwa, nimesimuliwa. Leo hatuchimbi kitu. Nimemaliza yangu, ulizeni.

MASWALI

Mzee mmoja: Mwalimu, sisi tuna watoto wakubwa, hawajapimwa. Tufanye nini, na wapi?

Jibu: Mzee wangu, kipimo cha selimundu ni cha damu kidogo tu. Anzeni zahanati au kituo cha afya, mtaelekezwa. Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo ipo, na rufaa huenda Tumbi, Kibaha, au Muhimbili. Wanaotaka kuoana wapime kabla, hasa mtu na binamu yake, maana damu ya ukoo mmoja hubeba mambo yanayofanana. Kupima siyo kuvunja posa. Ni kujua.

Mama mmoja: Mwanangu ana miaka sita, anachechemea. Tumepima selimundu, hana. Basi ni salama?

Jibu: Hapana, mama. Kuna ugonjwa wa watoto, wengi wao wavulana wa miaka minne mpaka minane, ambao kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu bila selimundu. Watoto wengi hupona vizuri wakiangaliwa mapema. Mpeleke wiki hii, na uwaambie wamwangalie nyonga, hata kama yeye anaonyesha goti.

Kijana mmoja: Yule mwenzetu yuko wapi sasa?

Jibu: Yuko kijijini. Baharini haendi. Anashona nyavu, na ndiye anayeandika daftari la mapato la kikundi cha wavuvi, maana hesabu anaijua. Gongo lake yuko nalo, mkono wa kushoto. Anasubiri siku yake ya kuonana na madaktari wa mifupa. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, akacheka, akasema tuendelee na sehemu.

Mama mmoja: Na yule bibi jirani, walipatana?

Jibu: Wanasalimiana. Kuombana chumvi, bado.